Jina Chantal lilitoka wapi?

Katika Maniema, kama katika Kongo nzima, wazazi wengi huleta binti kwa ubatizo na kusema: «Jina lake Chantal.» Tukiwauliza Chantal ni nani, hunyamaza. Tusiwacheke. Hata sisi tulidhani kulikuwa na mtakatifu aliyebatizwa kwa jina hilo. Hapana.

Chantal lilikuwa kwanza jina la mahali na la ukoo. Asili yake ni neno «cantal» la lugha ya kusini mwa Ufaransa, maana yake jiwe. Basi kwa maana ni ndugu ya Petro.

Jeanne-Françoise Frémyot alizaliwa Dijon mwaka 1572. Mwaka 1592 aliolewa na Christophe de Rabutin, bwana wa Chantal, na jina la mumewe likamshika. Mwaka 1601, katika kuwinda, rafiki wa mumewe alimpiga risasi kwa bahati mbaya. Mume alisamehe kabla ya kufa. Mjane, mwenye watoto wanne, alishindana na moyo wake miaka mingi. Mwishoni alimpokea mtu yule, hata akakubali kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wake. Mwaka 1610, pamoja na Mtakatifu François de Sales, alianzisha shirika la Masista wa Visitasio huko Annecy. Alikufa mwaka 1641, akatangazwa mtakatifu mwaka 1767. Katika karne ya 20 Wafaransa wengi walilifanya jina hilo la ukoo kuwa jina la binti zao, nasi tukalipokea. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya namna hiyo. Mwaka 1990 yaliruhusiwa tena.

Kwa nini tunayakumbusha hayo Nyangwe? Kwa sababu tarehe 15 Julai 1871, kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga bunduki katika soko lililojaa wanawake. Livingstone aliona kwa macho yake. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Tangu siku ile vita vingine vimepita Maniema, na majirani wengi wanadaiana damu.

Ndugu wakatekista, wazazi wakichagua Chantal, msiwaambie tu kwamba ni jina zuri. Waambieni: huyu ni mama aliyempeleka kwenye maji ya ubatizo mtoto wa yule aliyemwua mumewe.