Jicho, Lugha na Mashine: Hoja ya Mipaka ya Rangi Ikitazamwa kutoka Upareni

Msafiri aondokaye Same mjini akapanda milima kuelekea Chome au Mbaga hutoka katika nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu, akaingia katika nchi ya migomba, misitu na ukungu ufunikao kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Safari yenyewe si ndefu, lakini macho yake yamepita katika nchi mbili. Akiulizwa ameona rangi gani njiani, aweza kujibu kwa Kiswahili, na akiwa mwenyeji aweza kujibu kwa Chasu, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba lugha hizo mbili zimeweka mipaka ya rangi mahali pale pale.

Nakusudia hapa kufuata historia ya swali lizaliwalo na jambo hilo: je, mipaka ya rangi imo katika jicho, imo katika vitu vitazamwavyo, au imewekwa na lugha? Swali ni la zamani. Jipya ni kwamba katika miaka ya karibuni ameletwa shahidi asiye mtu, yaani mashine iliyofunzwa kuona, na kwa maoni yangu ushahidi wake umepokewa na wengi kwa haraka kupita kiasi.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina mashina matatu tu ya rangi yapatanayo na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema nguo nyeupe, mti mweusi, udongo mwekundu. Rangi nyingine karibu zote tumezitaja kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa kiungo cha mchuzi, zambarau kwa tunda; na samawati ni mbingu ya Waarabu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walitoa kitabu walimodai kwamba lugha za dunia hupata majina ya msingi ya rangi kwa utaratibu mmoja: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, ndipo zifuate kijani na manjano, na nyingine baadaye. Msomaji ataona mara moja jinsi ngeli zetu zinavyoonekana kuwaunga mkono.

Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo wasemaji wake waliulizwa wenyewe, kwa kuonyeshwa vipande 329 vya rangi, nacho kilikuwa lugha pekee ya Kibantu kati ya hizo. Lakini wasemaji wa lugha hizo walitafutwa zaidi katika eneo la San Francisco, na wengi wao walijua Kiingereza. Wakosoaji hawakuchelewa kulisema hilo, na walikuwa na haki. Kufanya hivyo ni kuonja maji ya mto Pangani pale yaingiapo baharini, kisha kutangaza kwamba ndiyo ladha yake tangu chemchemini.

Uchunguzi uliofanywa kwetu wenyewe ulikuja baadaye sana. Mwaka 2015 Delwin Lindsey, Angela Brown, David Brainard na Coren Apicella walitangaza matokeo ya kazi yao kati ya Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi. Waliwaonyesha vipande 23 tu. Kwa nyeusi, nyeupe na nyekundu watu walikubaliana. Kwa vingine vingi jibu la kawaida lilikuwa "sijui". Wala haikuwa kwamba macho yao yana upungufu. Tena, majibu ya wale waliotaja jina, yalipokusanywa pamoja, yalionyesha migawanyo ifananayo na ile ya lugha nyingine za dunia, kana kwamba maarifa hayo yametapakaa katika jamii nzima bila kukaa kamili kwa mtu mmoja. Mimi naona neno "sijui" kuwa ndilo tunda kubwa la uchunguzi ule, kwa maana katika kazi nyingi za namna hii muulizaji hulazimisha jibu.

Hata hivyo ushahidi wa watu una kikomo chake. Hakuna awezaye kumlea mtoto tangu kuzaliwa bila kumsikizisha jina la rangi, ili aone kama macho yake yatagawanya rangi yenyewe. Hapo ndipo mashine ilipoingia.

Asili yake ni ubongo wa paka. Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel walieleza kwamba katika sehemu ya ubongo ipokeayo habari za macho, seli moja huamka ionapo mstari ulioinama upande fulani, na mstari ukigeuzwa hunyamaza. Kwa kazi yao walipata tuzo ya Nobel mwaka 1981. Wakati ule ule, mwaka 1958, Frank Rosenblatt wa Marekani alieleza mashine yake aliyoiita Perceptron. Lakini mwaka 1969, mwaka ule ule wa kitabu cha rangi, Marvin Minsky na Seymour Papert walionyesha mambo ambayo mashine sahili ya namna hiyo haiyawezi, na shauku ya wengi ikapoa. Mwaka 1980 Kunihiko Fukushima wa Japani aliyafuata mawazo ya Hubel na Wiesel akabuni Neocognitron, mtandao wa matabaka mengi.

Mtandao wa neva bandia ni hesabu nyingi mno zilizopangwa kwa matabaka ndani ya kompyuta. Tabaka la kwanza hupokea picha, kila tabaka hupeleka matokeo yake kwa lifuatalo, na la mwisho hutoa jina. Jina likikosewa, hesabu zote hurekebishwa kidogo, na kazi hurudiwa tena na tena. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliufunza mtandao wao kwa picha zipatazo milioni 1.2 za aina 1,000 za vitu, kutoka hazina iitwayo ImageNet, wakawashinda wenzao wote katika mashindano. Miaka miwili baadaye Daniel Yamins, James DiCarlo na wenzao walionyesha kwamba mitandao itambuayo vitu vizuri zaidi ndiyo pia ikaribiayo zaidi mwenendo wa seli za ubongo wa nyani.

Mwaka 2022 ikaja zamu ya rangi. Jelmer de Vries na wenzake wa Giessen, Ujerumani, walitwaa mtandao uliofunzwa kutambua vitu, ambao haukupata kufundishwa kupanga rangi. Wakabadilisha tabaka la mwisho tu, wakalifunza kupanga rangi kwa mikanda. Kila walipoihamisha mikanda ya mafunzo, mipaka ilirudi karibu mahali pale pale, nayo ilifanana na mipaka ya wanadamu. Basi huenda kugawanya rangi huzaliwa na haja ya kutambua vitu, kama mtu atafutaye tunda kati ya majani, kabla lugha haijamfikia.

Je, shahidi huyu hakuwahi kweli kusikia lugha? Aina za vitu katika ImageNet zilipangwa kwa kufuata kamusi ya Kiingereza iitwayo WordNet. Picha zenyewe zilipigwa na watu waliokwisha kuzoea rangi za viwandani na majina yake. Kwa hiyo mtoto huyu hakufundishwa majina ya rangi, kweli, lakini amelelewa katika nyumba ya Kiingereza. Na malezi hayo huonekana. Mwaka 2019 Robert Geirhos na wenzake walieleza jinsi walivyoionyesha mitandao ya ImageNet umbo la paka lililovikwa ngozi ya tembo. Watu walisema paka. Mitandao ilisema tembo. Mtoto wa Same aishiye kandoni mwa hifadhi ya Mkomazi humjua tembo kwa umbo lake akiwa mbali, kabla ngozi haijaonekana kabisa. Mitandao ilipolelewa upya kwa picha ambazo ngozi zake zimevurugwa, ilianza kutegemea umbo zaidi.

Kwa hiyo yatupasa kumpa shahidi malezi mengine, na Upareni panafaa kuliko mahali pengi. Chasu husemwa tambarareni na husemwa vileleni: lugha moja, mandhari mbili. Na upande wa kaskazini, katika milima ile ile, kuna Kigweno, ambacho ki karibu zaidi na Kichaga kuliko Chasu: mandhari moja, lugha mbili. Mitandao miwili yaweza kufunzwa, mmoja kwa picha za tambarare na wa pili kwa picha za milimani, kisha mipaka yake ikalinganishwa na majibu ya wasemaji wa pande zote. Mipaka ikifuata mandhari, tutakuwa tumepata neno la kuwajibu wale wasemao kwamba yote ni lugha; ikifuata lugha, wa Giessen watakuwa na kazi ya kueleza.

Picha zaweza kungoja. Wazee hawangoji, maana Kigweno kinaendelea kupokonywa nafasi na Chasu na Kiswahili, na Chasu nacho kinaacha nafasi kwa Kiswahili shuleni na mjini. Kijana aliyezoea kusema bluu hatatupa tena jibu la babu yake. Kazi yaweza kuanzia magulioni wilayani Same, kwa tangawizi iliyoteremshwa kutoka Mamba: muulizaji aiweke mbele ya mzee, amwulize kwa Chasu rangi yake, na mzee akisema hajui, aandike hivyo hivyo.