Kuuliza na Kusikiliza: Fundisho la Utafiti Kutoka Mpanda

Mwanafunzi wa shahada ya juu anayejifunza njia za kutafiti maisha ya jamii hufundishwa mapema kutunga maswali, kuchagua watu wa kuulizwa na kuhesabu majibu. Hayo ni ya lazima. Lakini akifika Misunkumilo, kata ya mji wa Mpanda, huenda akaona kwamba swali lililo jepesi kupita yote, yaani "Wewe ni mtu wa wapi?", laweza kuwa zito mno. Sababu yake imo katika historia ya nchi ile.

Mwaka 1972 Wahutu wengi waliuawa katika Burundi, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Serikali iliwapa makazi katika mapori ya Mpanda: Katumba tangu mwaka 1973, na Mishamo tangu mwaka 1978. Wengine hawakukaa huko, bali walijichanganya na wenyeji wa Kigoma mjini.

Mwaka 1985 alifika Liisa Malkki, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, akakaa yapata mwaka mmoja akiwasikiliza watu wa Mishamo na wa Kigoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Kule Mishamo wasimulizi wengi walieleza mambo ya kale na maafa ya 1972 kwa mpango karibu ule ule, kama historia ya taifa lililo uhamishoni. Kule mjini watu walipenda zaidi kutoitaja sana asili yao, wakaishi kama majirani zao.

Fundisho la kwanza ni kulinganisha. Kama angalikaa Mishamo tu, angaliweza kudhani kwamba kila mkimbizi hukumbuka hivyo. Kigoma ilionyesha kwamba mahali mtu anapoishi hugeuza namna anavyoisimulia asili yake.

Fundisho la pili ni kustahi. Aliyekimbia kuuawa kwa sababu ya kabila lake ana haki ya kumhofu mgeni mwenye daftari. Malkki mwenyewe alieleza kwamba kazi yake ilifaulu kwa kukubali kuacha mambo mengine bila kuyachokonoa, na kusikiliza yale ambayo wenyewe waliyaona makubwa.

Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya 160,000 miongoni mwa wakimbizi hao na wazao wao wamekubaliwa uraia wa Tanzania. Basi anayeulizwa asili yake leo katika nchi ile aweza kuwa raia aliyeungojea uraia huo miaka mingi. Akinyamaza, mtafiti asiandike "hakujibu" akapita. Kunyamaza nako ni habari, na siri aliyokabidhiwa ni amana.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti naye ni mgeni. Hapana budi ajiulize, kabla ya kuuliza wengine, kama mwenyeji wake atapona kwa kuja kwake.