Damu ya kondoo haisomwe sawa ya mtu

Siye watu wa agronomia hapa Kongolo wanatuuliza kila mara: "Kondoo wangu hakule, nimupige sindano gani?" Mbele ya kujibu, tuangalie namna watu walijifunza kusoma ndani ya damu kama mwili unawaka.

Mwaka 1921, kule Uswidi, Robin Fåhraeus alieleza kwa urefu jambo hili: ukiacha damu ya mgonjwa ndani ya kichupa chembamba, chembe nyekundu zinashuka haraka kuliko za mwenye afya. Hospitali zetu zinaita kipimo hicho VS. Lakini chembe za kondoo hazishikane vizuri. Saa nzima inapita, hata mnyama akiwa mgonjwa, na karibu hakuna kilichoshuka.

Mwaka 1930, New York, William Tillett na Thomas Francis walikuta ndani ya damu ya wagonjwa wa nimonia kitu chenye kuungana na sehemu C ya mikrobe. Njo ile CRP. Kwa mtu inapanda sana, kwa kondoo haipande ya kutosha.

Mwaka 1938, Paris, Michel Polonovski na Max-Fernand Jayle walitambua haptoglobini, protini yenye kushika emoglobini iliyotoka ndani ya chembe zilizopasuka. Hii njo inafaa kondoo. Akiwa na afya, karibu haionekane. Mwili ukiwaka, ini linaitoa mingi, na ndani ya siku mbili tatu imepanda sana. Labo inaipima kwa rangi: rangi ikizidi, haptoglobini imezidi.

Reajenti zake zinaomba frigo na umeme wa kudumu. Kwa labo ndogo kuko njia ya zamani, fibrinojeni: damu isiyoganda inazungushwa kwenye santrifije, inawekwa dakika tatu ndani ya maji ya digrii 56, fibrinojeni inakuwa nyeupe, inazungushwa tena, inapimwa.

Lakini tusikilizane. Vipimo hivi vinasema nyumba inawaka, havitaje aliyewasha moto. Kidonda cha kwato kinavipandisha, mikrobe pia. Na kama ni tauni ya mbuzi na kondoo, ile PPR, ni virusi: antibiotiki haiiue, chanjo njo inakinga. Kwa mfugaji, kondoo mmoja ni minerval ya mtoto. Sindano ya kubahatisha inakula ile minerval mara mbili: pesa ya dawa, kisha mnyama mwenyewe.

Kwenu kule, nani anapima mbele ya kupiga sindano?