Saikolojia kwa masomo ya nyumbani: Somo linalomfundisha mwanafunzi namna ya kulisoma

BAADHI ya watu wanaojiandikisha kusoma saikolojia ya utangulizi wakiwa nyumbani hufanya hivyo kwa matumaini ya kufundishwa kuwatambua binadamu wenzao: nani anasema uongo, nani ana kinyongo, kwa nini mtoto wa pili hafanani kwa tabia na yule wa kwanza. Wanapofungua kitabu cha kwanza cha kozi hukutana na seli za neva, hesabu za wastani na habari za maabara iliyofunguliwa na Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879.

Wapo wanaokifunga kitabu hapo hapo na kukirudisha kabatini. Ni hasara, maana ada imekwisha kulipwa, na sehemu yenye manufaa makubwa zaidi kwa mtu anayesoma peke yake bado iko mbele.

Saikolojia, ambayo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huiita elimunafsi, ni taaluma inayochunguza akili na mwenendo kwa njia za kisayansi. Kozi ya awali hupita juu juu katika matawi yake yote: ubongo na hisi, ujifunzaji, kumbukumbu, ukuaji wa mtoto, hulka, mahusiano ya watu katika jamii na maradhi ya akili. Humo mwanafunzi hukutana na mbwa wa Mrusi Ivan Pavlov, waliodondokwa na mate kabla hata chakula hakijafika, na pia maswali ambayo Mswisi Jean Piaget aliwauliza watoto ili kujua wanavyofikiri.

Sura inayoogopwa zaidi ni ile ya mbinu za utafiti na takwimu, nayo ndiyo inayozibeba nyingine zote. Asiyejua kwamba mambo mawili yanaweza kuandamana bila moja kulisababisha lingine hatakuwa na mizani ya kupimia chochote atakachosoma baada ya hapo.

Masomo ya nyumbani yenyewe si jambo geni. Mwaka 1840 Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta nchini Uingereza, na mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake ya shahada kwa watu wasiohudhuria madarasani. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliundwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1994.

Kilichobadilika ni chombo cha kufikishia somo. Bahasha ilifuatwa na redio na kanda za kaseti, kisha intaneti. Mwaka 2006 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kuweka sehemu ya masomo yake kwenye tovuti ya OpenLearn bila malipo. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilitoa mihadhara ya utangulizi wa saikolojia ya Profesa Paul Bloom, naye mchapishaji OpenStax alitoa kitabu kizima cha somo hilo mwaka 2014, ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua bure. Kwa hiyo anayelipia kozi halipii habari zilizomo tu. Anamlipia mkufunzi wa kusahihisha kazi zake, ratiba ya kumsukuma na mtihani wenye kutambuliwa, na hayo matatu ndiyo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Somo linalomhusu mwanafunzi wa nyumbani moja kwa moja ni la kumbukumbu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo ya utafiti wake mwaka 1885, hakuwa na kundi la watu wa kuwapima. Mtafiti na mtafitiwa walikuwa mtu mmoja. Aliunda silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri hadi akaweza kuzitaja bila kukosea, kisha akaziacha. Baada ya muda alizirudia na kupima ni kiasi gani cha muda wa kujifunza alikuwa ameokoa kwa sababu ya ile mara ya kwanza.

Baada ya dakika 20 aliokoa takriban asilimia 58 ya muda. Baada ya saa moja ilikuwa asilimia 44, baada ya siku moja asilimia 34, na baada ya siku 31 asilimia 21. Kwa maneno mengine, usahaulifu hukimbia mno mwanzoni kisha hupunguza mwendo. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Jaap Murre na Joeri Dros, walilirudia jaribio hilo wakimtumia mtu mmoja vile vile, wakapata mkunjo unaofanana sana na ule wa Ebbinghaus.

Hakuna jaribio linalofaa zaidi kwa mtu asiye na maabara. Linahitaji daftari, kalamu na saa. Mzungumzaji wa Kiswahili atapata taabu moja tu: kwa kuwa silabi za lugha hii nyingi huishia na irabu, michanganyiko mifupi mingi tayari ni maneno kamili, na itambidi apekue kamusi kabla ya kuridhika kwamba “tefo”, “dizu” na “fopi” hayana maana.

Mkunjo huo unaeleza kwa nini kusoma sura nzima Jumamosi na kuiacha hadi siku ya mtihani ni kazi bure. Saa nne zilizogawanywa katika siku nne huacha alama ya kudumu zaidi kuliko saa nne za mkupuo mmoja, na hili ni miongoni mwa matokeo yaliyothibitishwa mara nyingi zaidi katika taaluma nzima.

Lipo jingine ambalo wanafunzi hulipinga mpaka walijaribu wenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya habari wavisome. Katika hali moja walikisoma kifungu tena. Katika hali nyingine walikiweka kando na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulionekana bora, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56.

Darasani mwalimu huuliza maswali, na mwanafunzi hulazimika kuchota jibu kichwani apende asipende. Nyumbani hakuna wa kuuliza. Mtu husoma ukurasa mara tatu, hupigia mistari kwa rangi, maneno yakawa mepesi machoni, naye akadhani amekwisha kujua. Dawa yake ni kufunga kitabu na kuandika. Kwa anayesoma kitabu cha Kiingereza, kuandika muhtasari huo kwa Kiswahili humfichulia mapema mahali ambapo alikariri istilahi bila kushika maana yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kusoma kwa jicho kali. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba watafiti wa saikolojia walikuwa wamezoea kutoa kauli kuhusu binadamu wote kwa kuwapima hasa watu wa nchi tajiri za Magharibi, na mara nyingi wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani.

Hata hivyo, si kweli kwamba bara hili halimo kabisa. Sura ya mapenzi kati ya mtoto mchanga na mlezi wake, iliyomo karibu katika kila kozi ya awali, ina mizizi Uganda. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akitazama jinsi mtoto anavyomtumia mama yake kama kituo cha kuondokea kwenda kuchezea vitu na kukirudia anapoogopa. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Vitabu vya kiada hupenda kuanzia na chumba chake cha majaribio cha Baltimore, Marekani, ambacho kilikuja baadaye.

Naye Robert Serpell, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliongoza. Kwa waya, wa Zambia waliongoza. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Yeyote aliyekulia mahali ambapo watoto hujitengenezea magari ya waya hahitaji kuelezwa sababu, lakini mtihani wa akili unaotegemea kalamu peke yake ungewatangaza watoto wa Zambia kuwa nyuma.

Mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu nao utazamwe. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kuyarudia majaribio 100 yaliyokuwa yamechapishwa katika majarida matatu, na ni takriban asilimia 36 tu yaliyotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Kitabu cha mitumba cha miaka ya 1990, hata kikiwa kizima na cha bei nafuu, hakiwezi kumwambia mwanafunzi ni nguzo zipi zimetikisika tangu hapo.

Hatari kubwa zaidi haimpati mwanafunzi mwenyewe. Huwapata walio karibu naye. Akimaliza sura ya maradhi ya akili huanza kuona sonona kwa shemeji na wasiwasi uliopitiliza kwa jirani, na huenda akawaambia. Sura hiyo huorodhesha dalili ambazo karibu kila mtu huwa nazo kwa kiasi fulani, na kozi ya awali haimpi msomaji ujuzi wa kupima kiasi hicho. Vivyo hivyo kwa majaribio. Stanley Milgram, aliyeanza majaribio yake ya utii huko Yale mwaka 1961, aliwaona wanaume 26 kati ya 40 wakifikisha swichi hadi volti 450 kwa kuamini kwamba wanamuumiza mtu. Walidanganywa, na wengi wao walionekana kuteseka wakati jaribio likiendelea. Mjadala uliofuata ulisaidia kujenga kanuni za sasa, na mwanafunzi anayetaka kumpima mpwa wake kwa orodha ya maneno naye zinamhusu: aombe ridhaa, ya mzazi pia iwapo ni mtoto, aeleze anachofanya, na akubali kukataliwa.

Kuhusu cheti, matangazo ya kozi mara nyingine huahidi zaidi ya yanavyoweza kutoa. Cheti cha utangulizi humsaidia mwalimu, muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii au mtu anayepima kama ajiunge na shahada. Hakimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia wala mshauri nasaha. Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, yenye utaratibu wa kuwasajili. Uingereza, tangu mwaka 2009, vyeo kama mwanasaikolojia wa tiba hulindwa na sheria, ingawa neno “mwanasaikolojia” peke yake halikulindwa, na mwanya huo ndio unaotumiwa na wenye kupenda majina makubwa. Anayetaka kufika huko huanza na shahada inayotambuliwa, kisha miaka kadhaa ya mafunzo chini ya usimamizi, na sehemu hiyo ya pili haisomwi mezani nyumbani.