Natiki ya Maisha ya Siti

Maisha ya mtu yakiandikwa na mwingine huitwa wasifu. Akiyaandika mwenyewe, tawasifu. Hapo Kiswahili hakina taabu. Taabu huanza maisha hayo yanapotoka kitabuni na kupanda jukwaani, yakaimbwa na kuchezwa, yakapigiwa udi, fidla na dumbaki mbele ya majirani walioketi kwenye viti vya kukodi. Tukiite nini kitu hicho? “Mchezo wa kuigiza wenye nyimbo” ni maelezo, si jina. “Tamthilia ya muziki” humridhisha mwalimu wa fasihi, kwa kuwa darasani tamthilia ni andiko la kuigizwa. Sebuleni neno hilo limekwisha kuhama: tamthilia ni ule mfululizo wa Kituruki au Kifilipino unaorushwa usiku kwenye televisheni, na anayelitumia hivyo hajakosea.

Nayauliza haya kwa ajili ya Siti binti Saad. Kama kuna maisha ya Mswahili yanayodai kuimbwa jukwaani, ni yake. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya kimaskini, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Huko akafundishwa kuimba, akaitoa taarabu kwenye Kiarabu cha majumba ya wakubwa na kuiimba kwa Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Basi kikundi cha mtaa kinapoketi kupanga mchezo huu, hatari ya kwanza imo ndani ya neno wasifu. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uleule uliotupa sifa na kusifu. Anayetoa wasifu huanza kwa kueleza mtu alivyokuwa, na asipojichunga hujikuta anamsifu tu, kama tunavyosikia wasifu wa marehemu ukisomwa makaburini. Michezo mingi ya namna hii huharibikia hapo: kila mhusika anaingia kusema jinsi shujaa alivyokuwa mwema, kisha anatoka. Siti hakuishi hivyo. Wapinzani walimtungia nyimbo za kuikejeli asili yake na sura yake. Nyimbo hizo lazima ziimbwe, na waimbaji wazuri, kwa nguvu zote. Bila kejeli hizo mtazamaji hawezi kujua mwanamke huyu alivuka nini.

Halafu kuna jina lake. Alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa, na Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Katika maandishi ya mchezo jina la mhusika hukaa pembeni kabla ya kila kauli, na mwandishi analazimika kuamua: aandike SITI tangu ukurasa wa kwanza, au aandike MTUMWA hadi jina libadilike? Mimi nashika la pili, bila kusita. Mwigizaji aitwe Mtumwa hata mazoezini, alisikie jina hilo likiitwa kwa sauti katika mji ambao utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897 tu. Siku atakapoitwa Siti, ukumbi mzima utajua kimebadilika nini.

Mwigizaji mwenyewe atapatikana wapi? Mtaani, kwa watu wa ridhaa. Tunalijua neno hili kwenye soka, na nalipenda mno kwa ajili ya jukwaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Fundi cherehani anayefunga duka saa kumi na moja aje mazoezini amekubali, hakuna aliyemlipa. “Sanaa za jamii” ni jina la heshima, lakini siku hizi hunipeleka moja kwa moja kwenye semina na fulana za mradi. Ridhaa humtaja mtu na uamuzi wake.

Mtu huyo wa ridhaa ana kazi ngumu, kwa sababu santuri zipo. Sauti ya Siti bado inasikika, nyembamba na kali, na wazee wataifananisha. Hapa ndipo tofauti ya kuiga na kuigiza inapoonekana. Anayeiga hufuata mlio, na akishindwa kuufikia ameshindwa kabisa. Anayeigiza anaweza kuimba kwa sauti yake ya kuzaliwa, akaonyesha mtu aliyesimama mbele ya wanaomdharau na asinyamaze.

Nyimbo nazo zina ukaidi wao. Katika michezo ya muziki ya Ulaya na Marekani, mhusika huimba ili aseme wazi lililo moyoni. Taarabu husema kwa fumbo. Mwongozaji akimwacha Siti aimbe kuieleza hadhira huzuni yake, atakuwa amemvalisha maleba ya mtu mwingine. Aimbe fumbo, na maonyesho yaliyotangulia yatupe ufunguo. Ndivyo ulivyo hata wimbo wake wa “Kijiti”, uliotokana na kisa cha kweli cha mauaji ya mwanamke: wasikilizaji wa wakati ule walikijua kisa kabla ya wimbo. Wa leo lazima waonyeshwe.

Tena kuna kutuza. Hadhira ya taarabu huinuka, hucheza hadi mbele na kumtuza mwimbaji noti. Katika mchezo huu watainuka tu, na hakuna haja ya kuwazuia. Noti ile anapewa Siti au anapewa binti wa jirani anayemwigiza? Wote wawili, naamini, na mwongozaji mwerevu ataacha nafasi ndani ya wimbo kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo jina ninalolitaka kwenye bango ni natiki. Lilitufikia kutoka Bara Hindi, ambako natak ni mchezo wa jukwaani, na Unguja vikundi vya taarabu viliigiza natiki. Ni fupi, linakaa vizuri katika ngeli ya i na zi, na tayari limezoea kuishi jirani na fidla. Vijana wengi hawalijui. Watauliza, nao wauza tiketi mlangoni wawe tayari kujibu. Bango liandikwe hivi: Natiki ya Mtumwa binti Saad, aliyeitwa Siti.