Mto wa Carol Shaw

Ndege moja ya kivita, mto mmoja, na mafuta yanayopungua. Ndivyo ulivyo River Raid, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1982 kwa ajili ya Atari 2600, mashine iliyochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Nimeurudia majuzi kwenye kompyuta baada ya miaka mingi, na umeninasa upya. Safari hii nimetaka kumjua aliyeutunga.

Ni Carol Shaw, mhitimu wa chuo kikuu cha Berkeley aliyeajiriwa na kampuni ya Atari mwaka 1978, mmoja wa wanawake wa kwanza kuandika programu za michezo ya video. Baadaye alihamia Activision, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na waliotoka Atari, wakitaka pia majina ya watunzi yajulikane. Wazo lake la kwanza lilikuwa chombo cha anga za juu. Mwenzake, Alan Miller, akamwambia michezo ya aina hiyo imeshazidi. Ndipo ukaja mto.

Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, nafasi isiyotosha hata aya hii. Katriji, kasha lenye mchezo wenyewe, nayo ilibeba kilobaiti 4. Ramani ya mto mrefu namna ile ingekaa wapi? Shaw hakuihifadhi kabisa. Aliandika kanuni ya hesabu ambayo kila namba huzaa inayofuata, na namba hizo ndizo zinazochora kingo na visiwa. Mto unaonekana umejipinda ovyo, lakini kwa kuwa namba ya kuanzia haibadiliki, ni uleule kila unapoanza. Mtoto aliyecheza jioni baada ya jioni aliujua kona kwa kona. Mimi naona huo ni ufundi mkubwa kuliko picha nyingi za leo.

Halafu kuna mafuta. Ukilipua tangi unapata pointi 80. Ukipita juu yake unajaza. Risasi moja ya pupa, na huko mbele, ambako matangi ni adimu, ndege inaanguka. Ukipunguza mwendo juu ya tangi unajaza zaidi, ila ukizubaa njiani mafuta yanakwisha kabla hujalifikia jingine. Daraja lina pointi 500, na ukilivunja, ukifa unaanzia hapo. Aliyefikisha pointi 15,000 alipiga picha ya televisheni yake, akaituma Activision kwa posta, akaletewa beji ya kitambaa.

Ujerumani Magharibi haikuuona hivyo. Mwaka 1984 mamlaka ya kulinda vijana iliuweka kwenye orodha ya vitu vyenye madhara kwao, ikisema unawazoesha watoto vita. Wasiwasi huo nauelewa, lakini mchezo wenyewe hauonyeshi hata sura ya mtu mmoja. Uliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2002. Mwaka 2017 Shaw alipewa tuzo ya heshima kwenye The Game Awards, na nyaraka za kazi yake akazikabidhi kwa makumbusho ya The Strong, Rochester, New York.