Neno Ajali: Asili Yake na Matumizi Yake

Maneno husafiri kama wasafirivyo watu, na aghalabu hubadilika njiani. Mfano mmoja ni neno ajali. Asili yake ni Kiarabu, nalo huko halina maana ya kugongana wala kuzama. Maana yake ni muda uliowekwa: siku ya mwisho ya kulipa deni huitwa hivyo, na mwisho wa uhai wa mtu huitwa hivyo pia. Katika Kurani limetumika kwa maana zote mbili. Mwarabu akitaka kutaja motakaa zilizogongana hutumia neno jingine, lenye mzizi mmoja na neno letu hadithi.

Wazee wa pwani walilipokea neno kwa maana ile ya kwanza. Mtu akifa, hata kama amekufa kwa uzee kitandani mwake, walisema ajali yake imefika. Ndipo tunapoielewa methali, Ajali haina kinga: yaani saa ya kufa ikifika, hapana dawa wala ngao iwezayo kuizuia. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli, wala hapana awezaye kuipinga.

Lakini maana ilisogea, na jina la saa likahamia kwenye tukio lenyewe. Leo mtu husema, "Nimepata ajali," naye yu hai, amevunjika mkono tu. Kwa maana ya zamani maneno hayo yangekuwa kichekesho, maana aliyefikiwa na ajali yake hasemi tena.

Basi neno limebadilika, na methali imebaki vile vile. Hapo ndipo penye hatari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Je, jambo hilo halikuwa na kinga? Kinga yake ilikuwa kuwahesabu abiria gatini, na kuwazuia waliozidi.

Yafaa sisi walimu tuwafundishe watoto maana zote mbili, na kuzitenga. Saa ya kufa haina kinga. Lakini chombo kilichojazwa kupita kiasi kina kinga, na breki mbovu zina kinga. Naye aliyepuuza kinga hiyo asijifiche nyuma ya methali ya wazee, kwa kuwa wao hawakuitunga kwa ajili yake.